Mikoba ya mashujaa wa komiki: maswali yanayorudi kila mara kuhusu nani arithi na nani aachie

Haya maswali yanarudi kila muvi mpya ikitoka na kila Captain America au Spider-Man akibadilika sura, kwahiyo nimeyaweka sehemu moja. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: mi naamini mashujaa warithishe, na wakisharithisha waache kweli, wasirudi baada ya miaka kumi kumnyang'anya aliyepokea. Kama huamini hivyo we soma tu, maana kuna sehemu hata mimi nakubali mwenye mikoba abaki nayo.

## Mambo ya mwanzo

1. Kurithi mikoba kwa hawa mashujaa maana yake nini hasa?

Ni pale jina, vazi na kazi vinapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Peter Parker ni mtu, Spider-Man ni jina la kazi. Nguvu zinaweza kuhama au zisihame, mfano Sam Wilson alipokea ngao ya Captain America lakini ile dawa iliyomfanya Steve Rogers awe na misuli ya ajabu hakuwahi kuwa nayo, anapigana na mabawa yake na ngao basi.

Kubadilisha muigizaji sio kurithi mikoba. Batman wa Michael Keaton, wa Christian Bale na wa Robert Pattinson wote ni Bruce Wayne yule yule. Watu wanachanganya sana hapa afu ubishi unakuwa mrefu bure.

2. Nani alianza hii mambo?

Inategemea unahesabu vipi. Phantom wa Lee Falk alitoka gazetini mwaka 1936 na stori yake nzima imesimama juu ya urithi: huyu tunayemsoma ni wa 21, baba anamuachia mwanae tangu 1536, na watu wa Bangalla, nchi ya kubuni anakoishi, wanaamini ni mtu mmoja asiyekufa. Pale hakuna ubishi kabisa kuhusu nani halisi, kwa sababu kazi ndo kubwa kuliko mtu.

Kwa DC na Marvel, zile kampuni mbili kubwa za komiki za Marekani, mlango ulifunguliwa na Flash. Flash wa kwanza alikuwa Jay Garrick, 1940, yule mwenye kofia ya chuma. Baada ya vita kuu ya pili komiki za mashujaa zikadorora, nyingi zikafungwa, Flash naye akapotea. Mwaka 1956 DC wakalitoa jina stoo na kumpa mtu mpya kabisa, Barry Allen, na kilichonipendeza ni kwamba Barry ndani ya stori alikuwa anasoma komiki za Jay, kwahiyo alipopata mbio akajiita jina la shujaa aliyempenda. Alichukua mikoba kwa mapenzi, hakupewa na mtu.

3. Hivi kuna Green Lantern wangapi, na yule halisi ni nani?

Wa duniani tu ni wengi: Alan Scott (1940), Hal Jordan (1959), Guy Gardner (1968), John Stewart (1971), Kyle Rayner (1994), na wengine wamefuata. Wote ni halisi. Green Lantern ni kama askari, ni jeshi zima la anga za mbali, pete inatafuta mtu anayefaa inamvaa, ukifa inaenda kwa mwingine.

Sisi tuliokua na katuni ya Justice League iliyoanza 2001 tulimjua John Stewart tu, jamaa mweusi, mwanajeshi, mkali, macho ya kijani. Muvi ilipotoka 2011 tukamkuta Hal Jordan, watu wengi nawajua walidhani Hollywood wamemfuta mtu wetu, kumbe kwa wasomaji wa komiki wa zamani Hal ndo alikuwa wa kwao. Shujaa wako ni yule uliyemkuta ukiwa na miaka tisa. Ukilielewa hili, nusu ya hasira za watu kwenye huu mjadala utazielewa.

4. Flash wa kweli ni Barry au Wally?

Hili ndo swali ninaloliweka moyoni kwahiyo nivumilie, jibu refu.

Wally West alikuwa mpwa wa Iris, mpenzi wa Barry ambaye baadaye alikuwa mke wake. Mwaka 1959 dogo akapigwa na radi akamwagikiwa kemikali, ajali ile ile iliyompata Barry, akawa Kid Flash. Akakaa chini ya mjomba wake miaka zaidi ya 25 kwa kalenda yetu, anajifunza, anakosea, anakua. Mwaka 1985 kwenye Crisis on Infinite Earths, stori kubwa ya DC, Barry akafa akiokoa ulimwengu, na kifo kile kilikuwa kizito kwelikweli, sio cha kutania. Wally akavaa vazi la mjomba.

Na hakuvaa akawa Barry papo hapo. Mwanzoni alikuwa mzembe kidogo, anapenda pesa na wanawake, mbio zake zenyewe ndogo. Mwaka 1993 Mark Waid akaandika stori ambayo Barry anaonekana amerudi, kila mtu analia kwa furaha, kumbe ni adui aliyejivika sura yake, na Wally anagundua kwamba alikuwa anajizuia mwenyewe asimpite Barry kwa sababu akimpita basi Barry atakuwa amekufa kabisa. Yaani alikuwa anakimbia polepole kwa ajili ya msiba. Alipokubali kwamba mjomba hayupo ndo akakimbia kwa uwezo wake wote. Mi sijawahi kusoma kitu kinachoeleza kurithi kuliko hicho.

Sasa 2008 Barry akarudishwa, kweli safari hii. 2011 DC wakaanza upya stori zao zote na Wally akafutwa, sio kuuawa, kufutwa, kama hakuwahi kuzaliwa. 2014 wakaleta kijana mwingine mwenye jina hilo hilo. 2016 Wally wa zamani akarudi akitafuta hata mtu mmoja anayemkumbuka, mpaka Barry akamkumbuka wakakumbatiana, watu tulilia pale. Afu miaka miwili baadaye wakamwandikia stori mbaya ambayo mbio zake zinaua wenzake kwenye kituo cha kutibu majeraha ya akili. Ikabidi waje kumsafisha 2021, mwaka huo huo akarudi kuwa Flash mkuu kwenye komiki.

Hesabu mwenyewe: mtu alirithi vizuri, akafanya kazi karibu robo karne, kuna kizazi kizima kilimjua yeye tu, afu anaambiwa alikuwa anamshikia mtu nafasi. Kwangu Flash ni Wally. Barry namheshimu kama marehemu.

## Kwa nini wanarudishwa

5. Kwani kwa nini hawazeeki wakastaafu kawaida?

Kwa sababu muda wao unavutwa. Peter Parker alitoka 1962 akiwa mwanafunzi wa sekondari, kwa hesabu za kawaida leo ni mzee ana wajukuu, lakini waandishi wanasogeza mwanzo wake mbele kila muongo, kwahiyo daima alianza "kama miaka 15 iliyopita". Wanaozeeka ni wasaidizi, na hapo ndo inaharibika hesabu, maana Dick Grayson, Robin wa kwanza, msaidizi wa Batman, alianza 1940 akiwa mtoto na sasa ni mwanaume kamili, wakati Bruce Wayne amesimama pale pale. Mwanafunzi anamfikia mwalimu umri na hapewi darasa.

6. Sasa kama kurithisha ni kuzuri, kwa nini mwenye mikoba anarudi kila mara?

Sababu ya kwanza ni umiliki. Hawa sio mali ya waliowabuni. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman 1938 kwa dola 130, na tangu hapo jina ni bidhaa, liko kwenye mabegi ya shule na fulana. Kampuni haitaki mnunuzi aingie dukani ajiulize huyu Superman ni yupi.

Ya pili ni muvi na tivii. Ikitoka muvi ya fulani, wahariri wanataka mtu akifungua komiki amkute yule aliyemuona kwenye sinema.

Ya tatu inauma zaidi kwa sababu inatoka kwenye mapenzi: watoto waliokua na Hal na Barry wakawa waandishi. Geoff Johns ndo aliyeandika kurudi kwa Hal mwaka 2004, na 2009 akaandika stori ya Barry aliyekwisharudi, na ameandika vizuri, simlaumu kwa kupenda shujaa wake wa utotoni. Ila kila mwandishi akirudisha wa utotoni kwake, mtoto wa leo hatabakiwa na kitu.

Na kuna tarehe ya kuangalia: kwa sheria ya Marekani komiki ya kwanza ya Superman inakuwa mali ya wote mwanzoni mwa 2034, ya Batman 2035. Mrithi mwenye jina lake na stori yake anabaki na kampuni miaka mingi zaidi, kwahiyo mi nategemea warithi wataanza kupendwa ghafla huko ofisini.

7. Kifo cha shujaa si kinatosha kuonyesha ameachia?

Kingetosha kama kingedumu. Superman aliuawa Novemba 1992 kwenye toleo namba 75, habari ikafika hadi kwenye magazeti ya kawaida, wakajitokeza wanne kudai nafasi yake, na kabla 1993 haijaisha mwenyewe karudi. Kizuri ni kwamba wawili kati ya wale, Steel na Superboy, walipata maisha yao na majina yao.

Captain America aliuawa 2007, Bucky, rafiki yake wa zamani, akachukua ngao 2008 na alikuwa mzuri sana, mtu mwenye damu mikononi anayejaribu kustahili. Steve karudi mwaka uliofuata, na 2011 ngao ikawa kwake tena. Ndo maana leo shujaa akifa hakuna anayelia, watu wanauliza atarudi lini.

## Nani anafaa kurithi

8. Mrithi mzuri unamjuaje?

Mi naangalia vitu viwili. Amekaa na mwenye mikoba muda wa kutosha? Na je, ana sababu yake mwenyewe ya kufanya kazi ile, mbali na kwamba nafasi iko wazi? Mtu anayeletwa ghafla toleo hili na lijalo amevaa vazi, hata kama ni mhusika mzuri, wasomaji watamuona mgeni aliyekalia kiti cha baba.

Tazama Jon Kent, mtoto wa Superman. Tulikuwa tunamuona anakua polepole, ana miaka kumi, anafundishwa na baba yake, ilikuwa tamu sana. Afu wakampeleka angani na babu yake akarudi ana 17, miaka yote ya kujifunza imerukwa, na 2021 wakampa jina la baba. Watu hawakuwa na shida na Jon. Walinyimwa kumuona akikua.

9. Batman arithishe? Batman si ni Bruce tu?

Hapa ndo nakubaliana kidogo na wanaokataa. Green Lantern ni cheo na Black Panther ni kiti cha enzi, hivyo vinarithika. Batman ametoka kwenye jeraha la mtoto mmoja aliyeona wazazi wake wakipigwa risasi uchochoroni, na jeraha la mtu huwezi kumkabidhi mwingine.

Lakini Dick Grayson ana la kwake. Wazazi wake walianguka mbele ya macho yake kwenye sarakasi. Alipovaa joho 2009, akiwa na Damian mtoto wa Bruce kama Robin, tukapata Batman anayetabasamu na Robin mdogo aliyenuna, na kwa kweli zile ni kati ya stori bora za Batman nilizowahi kusoma. 2011 kwisha, akarudi kuwa Nightwing, jina lake mwenyewe la kishujaa.

Mfano wa mrithi mbovu ni Jean-Paul Valley, 1993, adui aitwaye Bane alipomvunja Bruce mgongo. Bruce akamruka Dick akampa huyu, naye akajaza makucha na vyuma kwenye vazi, mwisho akaacha mtu afe. Liliandikwa hivyo makusudi, ili waliokuwa wanadai Batman mkatili waone ladha yake.

Na kama unataka kuona Bruce anavyopaswa kuachia, tafuta katuni ya Batman Beyond ya 1999. Mzee moyo unamsumbua katikati ya mapigano, anazidiwa, anajikuta ameokota bunduki kumtisha jambazi, yeye ambaye wazazi wake waliuawa kwa bunduki. Usiku ule ule anazima taa za pango. Hakuna aliyemfukuza, alijiona mwenyewe kwamba muda umefika.

10. Mbona Robin anabadilika kila mara na hakuna anayelalamika?

Walilalamika sana! Dick alipokua akawa Nightwing 1984, Jason Todd alikuwa ameshaingia, na wasomaji wengi hawakumpenda. Mwaka 1988 DC wakaweka namba mbili za simu wasomaji wapige kura afe au aishi, na matokeo yalikuwa 5,343 afe, 5,271 aishi. Kura 72 tu. Mtoto akafa.

Tim Drake aliyefuata 1989 walimleta kwa makini zaidi, akimtafuta Batman mwenyewe na kumwambia anahitaji mtu wa kumzuia asiharibikiwe kwa huzuni. Akaja Stephanie Brown kwa muda mfupi 2004, na Damian 2009. Robin inafanya kazi kwa sababu aliyetoka ana pa kwenda, Dick hakushushwa, alipanda.

11. Miles Morales ni Spider-Man kweli au ni wa ziada?

Ni Spider-Man kweli. Alitoka Agosti 2011, kazi ya Brian Michael Bendis na Sara Pichelli, kwenye ulimwengu wa pembeni wa Marvel ambako Peter Parker alikuwa ameuawa. Miles alikuwa na nguvu tayari kabla Peter hajafa ila aliogopa akakaa kimya, na baada ya msiba akajiuliza kama angeweza kusaidia. Hilo ni jeraha lake, la Peter lilikuwa la Uncle Ben, mlezi wake aliyeuawa. Ndo kile nilichosema swali la 8.

Muvi ya katuni ya 2018 ilichukua Oscar, na siku hizi kuna watoto ambao ukiwaambia Spider-Man wanamchora Miles.

12. Si wanabadilisha tu rangi na jinsia ili wauze?

Wakati mwingine kampuni inafanya hivyo na inaonekana, mhusika anatangazwa kwenye habari kabla hata hajaandikiwa stori. Hilo nalikataa kwa sababu linamuumiza mhusika mwenyewe, akifeli mauzo wanasema watu hawataki mashujaa weusi au wanawake.

Lakini Sam Wilson yupo tangu 1969. Alipopewa ngao kwenye komiki 2014, Steve mwenyewe alimkabidhi. Kwenye muvi ya 2019 pia mzee Steve amekaa kwenye benchi anampa. Na mfululizo wa tivii wa 2021 ukauliza swali la maana: mtu mweusi abebe bendera ya nchi iliyomfungia Isaiah Bradley, askari mweusi waliyemfanyia majaribio ya dawa ile ile, miaka 30 gerezani? Sam kwanza aliikataa, akaipeleka makumbusho, serikali ikampa John Walker, na Walker akaua mtu kwa ile ngao hadharani damu ikabaki juu yake. Steve asingeweza kubeba stori hiyo. Hapa mrithi ameongeza kitu ambacho mwenye mikoba hakuwa nacho.

## Yale magumu

13. T'Challa, yule Black Panther mfalme wa Wakanda, je? Wangemtafuta muigizaji mwingine?

Hili silijibu haraka. Chadwick Boseman aliyemuigiza alifariki Agosti 28, 2020, na Marvel wakaamua T'Challa afe pamoja naye kwenye muvi, mikoba ikaenda kwa dada yake Shuri mwaka 2022. Kwenye komiki Shuri alishawahi kuwa Black Panther tangu 2009, na Wakanda yenyewe ina utaratibu, hivyo kwa sheria za stori hakuna tatizo.

Waliotaka T'Challa apewe muigizaji mpya walikuwa na hoja nzito: watoto weusi duniani walimpata mfalme kwa muvi chache tu afu anazikwa, wakati Bruce Wayne anabadilishiwa waigizaji kila leo. Mi nawaelewa. Ila ile muvi ilikuwa msiba wa kweli unaochezwa na watu waliofiwa kweli, na kumuweka mtu mwingine ndani ya vazi lile miaka miwili baadaye ningeshindwa kuangalia. Na mwisho wakaacha mlango, Nakia wa Lupita Nyong'o, Mkenya wetu, anamtoa mtoto aliyekuwa anamlea Haiti, mwana wa T'Challa mwenye jina la baba yake. Jina limebaki na mtu hajaigizwa. Walifanya vizuri kadiri msiba ulivyoruhusu.

14. Wawili wanaweza kutumia jina moja kwa pamoja?

Wanaweza. Peter na Miles wako jiji moja, Steve na Sam wameshawahi kuwa Captain America wote wawili, Clint Barton na Kate Bishop wote ni Hawkeye. Ni suluhisho la kampuni inayoogopa kuamua, ila ni bora mara mia kuliko kilichompata Wally.

15. Na mtu akiichukua mikoba kwa wizi?

Doctor Octopus, adui wa Spider-Man, alifanya hivyo, mwishoni mwa 2012 alihamia ndani ya mwili wa Peter Parker akawa Spider-Man, wasomaji walikasirika mno. Akajitahidi kuwa shujaa bora kuliko Peter, na mwaka 2014 mambo yalipomzidia akajifuta mwenyewe ili Peter arudi, akikubali kwamba yule ndiye anayestahili. Hii ni mara moja tu ambayo nilifurahi mwenye mikoba kurudi.

16. Mdogo wangu anataka kuanza kusoma, nimpe shujaa wa zamani au mrithi?

Mpe yule anayemvutia jaladani. Mpwa wangu nilimpa Miles, sasa yuko na miaka 11, juzi akaniuliza huyu Peter Parker aliyekufa alikuwa nani, nikamtolea komiki za zamani akakaa nazo mpaka umeme ukakatika.